Uliza Maalim: Chuo kidogo chenye majina makubwa

*Maalim alifundisha hesabu na jiografia katika sekondari za Lamu na Malindi hadi alipostaafu. Huwajibu wasomaji kuhusu masomo, vyuo na ufadhili.*

Maalim, asalam aleikum. Binti yangu amepata nafasi katika chuo kimoja Marekani, na wameahidi kumlipia sehemu kubwa ya gharama. Chuo chenyewe kina wanafunzi kama 1,800 tu, na jina lake huku kwetu hakuna alijuaye. Kila mwezi wanamtumia barua ndefu ya mafanikio: mwanafunzi fulani kachapisha utafiti na profesa wake, mwingine kashinda zawadi ya ushairi, mhadhiri kapata fedha za utafiti, mama mmoja aliyehitimu zamani kateuliwa jaji. Shemeji yangu wa Mombasa asema hayo ni matangazo ya biashara. Barazani nako naulizwa, mbona si Harvard? Nimsikilize nani?
*Baba wa binti, Mkomani, Lamu*

Waaleikum salaam, bwana, na hongera kwa binti.

Shemeji yako kasema kweli, ni matangazo. Chuo kisicho na jina hujitangaza, na chenye jina hujitangaza vilevile. Lakini mnunuzi wa samaki hagombani na mchuuzi kwa kumsifu samaki wake; hufunua matamvua akatazama mwenyewe. Tuzifunue hizo barua.

Kwanza tumalizane na watu wa baraza. Waulize Wangari Maathai alisoma wapi. Watakwambia Nairobi, na ni kweli kwa uzamivu wake wa 1971. Shahada ya kwanza aliipata 1964, ya biolojia, katika chuo cha wasichana kilichoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, Mount St. Scholastica, katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Alikwenda huko 1960, katika lile wimbi la wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa juhudi za kina Tom Mboya. Chuo hicho leo hakipo kwa jina hilo. 1971 kiliungana na jirani yake wa wanaume kikawa Benedictine College. Kofi Annan naye, kabla ya kuongoza Umoja wa Mataifa, alihitimu uchumi 1961 Macalester, chuo cha kadiri ileile ya cha bintiyo, huko Minnesota. Hapo baraza litanyamaza, au litahamia kwenye siasa.

Wewe lakini usitosheke na hayo. Majina makubwa ndiyo matangazo makubwa kuliko yote. Mtu aliyehitimu 1961 hakuambii lolote kuhusu maabara atakayoingia binti yako mwaka ujao. Mimi nikipewa orodha ya namna hiyo nachukua kalamu, na kila habari naiuliza swali moja tu: je, huyu angeweza kuwa mtoto wetu?

Chukua ile ya mwanafunzi aliyechapisha utafiti na profesa. Kwangu hiyo ndiyo habari bora katika barua nzima, wala haina jina la mtu maarufu. Katika chuo kikuu kikubwa maabara zimejaa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Kijana wa shahada ya kwanza huosha vyombo akangoja zamu yake. Vyuo hivi vidogo vingi havina wanafunzi wa uzamivu kabisa. Profesa akitaka utafiti wake usonge mbele, wa kumsaidia ni hao wa mwaka wa pili na wa tatu. Basi tazama aliyetajwa alikuwa mwaka wa ngapi, na jina lake limekaa wapi katika makala. Kwenye makala za sayansi, kwa kawaida jina la kwanza ni la aliyebeba kazi nyingi na la mwisho ni la mwenye maabara. Mwanafunzi akiwa wa sita kati ya tisa tumpongeze, ila tusimpigie ngoma.

Halafu uliza nani alimlipa. Kazi hizi hufanywa zaidi wakati wa likizo ndefu ya kiangazi, na mwanafunzi hupewa posho. Fedha nyingine hutoka serikali ya Marekani, na kuna mpango maarufu wa NSF, shirika lao la kufadhili sayansi, uitwao REU, ambao posho yake ni ya raia na wakaazi wa kudumu tu. Mtoto wa Amu hata awe na akili za kupasua mwamba, mlango huo umefungwa. Kwa hiyo andikeni barua ya mstari mmoja: fedha za chuo chenyewe za utafiti wa kiangazi, wanafunzi wa kigeni wanazipata? Chuo kizuri hujibu siku hiyohiyo.

Tuzo nazo ni hivyohivyo. Ukisoma kwamba mhitimu kapata ufadhili wa Truman, au ile Fulbright ya kutoka Marekani kwenda nje, furahi pamoja naye lakini usimhesabie bintiyo, kwa sababu hizo ni za raia wa Marekani. Rhodes ya kwenda Oxford anaweza kuiwania kupitia nafasi za Kenya. Watson, ambayo ilianza 1968, haina ubaguzi huo: wahitimu wa vyuo vidogo vipatavyo 40 huishindania, na mshindi hulipiwa mwaka mzima wa kuzunguka duniani akifuatilia jambo alipendalo, kwa sharti kwamba asikanyage Marekani wala kwao mpaka mwaka uishe. Ukikuta jina la Mwafrika kwenye habari ya Watson, piga mstari chini yake. Orodha ya heshima ya kila muhula, ile waiitayo *Dean's List*, ipite haraka, huwa na watu wengi. Phi Beta Kappa ina uzito zaidi. Ni jumuiya ya wasomi ya tangu 1776, na chuo hakiingizi kila mtu.

Za wahadhiri watu huziruka, nami nakuomba usiziruke. Mhadhiri aliyepata fedha kubwa za utafiti ni baraka kama ndani yake mna posho za wanafunzi. Lakini fedha hizohizo mara nyingi humpa ruhusa ya kutofundisha kwa mwaka. Kama binti anakwenda kwa ajili ya profesa fulani aliyemsoma kwenye barua, na amwandikie kumuuliza kama atakuwepo. Kuhusu mama jaji sina la kusema, Mungu amzidishie.

Yasiyoandikwa katika barua ndiyo ya kuuliza. Katika kila wanafunzi mia walioanza, wangapi walimaliza ndani ya miaka sita? Wamarekani wenyewe hupima hivyo, na chuo kinalazimika kuwa na hesabu hiyo. Wanafunzi kutoka Afrika ni wangapi mwaka huu, na anaweza kuzungumza na mmoja wao kwa simu bila mtu wa ofisi kusikiliza?

Sasa fedha, maana umeandika "sehemu kubwa" ukapita, nami neno hilo limeninyima raha. Vyuo vingi vya aina hii bei yake ya mwaka mmoja, masomo na malazi na chakula, sasa imepita dola 80,000. Wakimlipia asilimia 80, bado inabaki dola 16,000, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni mbili, kila mwaka kwa miaka minne. Tikiti ya ndege haimo. Bima ya matibabu huenda haimo. Mabweni mengine hufungwa likizo ya Disemba, na mtoto asiye na jamaa huko lazima apate pa kulala. Kazi za ndani ya chuo anaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mshahara wake ni wa sabuni na vitabu; hautalipa milioni mbili. Nguo za baridi nazo msizifanyie ubahili. Kofi Annan mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipofika Minnesota alidharau vile vifuniko vya masikio kwa kuviona havipendezi, mpaka siku masikio yalipokaribia kuganda.

Ombeni barua yenye tarakimu, si maneno. Pengo likiwa kubwa, andikeni kuomba waongeze. Hilo ni jambo la kawaida kwao wala hawakasiriki. Wakikataa, kuna njia nyingine. Berea College ya Kentucky haijatoza ada ya masomo tangu 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni. Kuingia ni vigumu, ila yupo anayeingia. Kuuza chombo cha baharini ili kuziba pengo la mwaka wa kwanza, bwana, mimi siungi mkono. Mwaka wa pili utauza nini?

Maalim, shikamoo. Nasoma biolojia mwaka wa tatu katika chuo kidogo Marekani na sasa niko nyumbani likizo. Kiangazi kilichopita nilifanya utafiti wa mikoko ya kwetu pamoja na profesa wangu. Ofisi ya habari ya chuo imenitumia fomu nijaze mafanikio yangu wayatangaze. Nimeandika lakini nimeona haya kuituma. Mama anasema nisijianike, macho ya watu si mazuri. Nimeambatanisha nilichoandika.
*Mwanafunzi, Shela, Lamu*

Marahaba, mwanangu. Mama yako simpingi. Husuda ipo, na mimi pia husema mashallah kabla ya kusifu mtoto wa mtu. Lakini hebu tutazame kilichokutia haya. Umeandika: "Mtafiti chipukizi mwenye kipaji cha pekee, anayeleta mapinduzi katika uelewa wa mikoko ya Afrika Mashariki." Mwanangu, hata mimi nimeona haya, nami sikuyaandika.

Kuona haya kwako ni dalili kwamba una sikio. Tatizo liko kwenye hayo maneno, kutangaza hakuna kosa. Watu wetu hawakuogopa kutaja kazi zao. Washairi wa Amu na Pate walipomaliza utendi waliweka jina lao, pengine na la baba na mwaka, ili ijulikane nani katunga. Nahodha akishinda mashindano ya majahazi hubebwa mabegani mji mzima ukishuhudia, na mamaye hupiga vigelegele kuliko wote.

Nimesoma ule ukurasa wa maelezo ya utafiti ulioambatanisha. Huko ndiko kuliko na utamu, na fomuni hukuutia hata tone. Ulilinganisha picha za setilaiti za miaka tofauti kuona mikoko ilipungua wapi na wapi imerudi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo si jambo dogo, na hilo linatosha kusemwa bila "mapinduzi". Kisha ukakuta kwamba kwenye picha hukuweza kutenganisha mkandaa na mkoko wenyewe, aina mbili za miti hiyo, ukapanda mashua na wakataji wa boriti, wakakuonyesha mti kwa mti. Wakakueleza pia kwa nini sehemu fulani imebaki na miti myembamba tu: wa unene wa boriti na nguzo ulishakatwa, umebaki wa pau na fito. Setilaiti haikujua hayo. Walijua wao.

Basi andika hivi, ujaze majina mwenyewe: "Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa biolojia, mzaliwa wa Lamu, alitumia picha za setilaiti kupima mabadiliko ya mikoko ya kwao, akiwa pamoja na profesa fulani. Aina za miti alizihakikisha akiongozwa na wakataji wa boriti fulani na fulani. Matokeo aliyawasilisha mahali fulani, mwezi fulani." Basi. Sifa hata moja haimo, na msomaji atakusifu mwenyewe. Wakataji uwaombe ruhusa kabla ya kuwataja. Wengine hawatapenda, kwa sababu kibali cha kukata ni mambo ya serikali, na hujui nani atasoma.

Picha si lazima. Mwambie mama kwamba fomu hizi hukubaliwa bila picha, nadhani hapo mtaelewana. Na tuma. Mwakani utaomba nafasi ya uzamili, na mtu atakayesoma ombi lako atatafuta jina lako kwenye mtandao. Ni heri akute mistari hiyo kuliko asikute kitu.

Mambo Maalim. Mimi napenda fizikia na nyota tangu utotoni. Nina B+ ya KCSE. Kaka yangu anasema vyuo hivyo vidogo ni vya kusoma mashairi na falsafa, nikienda sitapata kazi. Pia najua Kiitaliano cha ufukweni, sijui kama kina faida.
*Kijana, Malindi*

Poa, kijana, ingawa mwenzako juu hapo kanipa shikamoo.

Kaka yako amekosea kwa ushahidi. John Mather alihitimu Swarthmore 1968, na 2006 akapata Nobel ya fizikia kwa kupima mnururisho uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu. Thomas Cech alitoka Grinnell, shambani Iowa, akapata ya kemia 1989. Jennifer Doudna alihitimu Pomona 1985 akapata ya kemia 2020. Alipokuwa mwanafunzi alifikiria kuacha sayansi ahamie Kifaransa, na aliyemshauri abaki kwenye sayansi alikuwa mwalimu wake wa Kifaransa. Vingi vya vyuo hivi humlazimisha mwanafizikia asome na fasihi au historia kidogo, na fani kuu huichagua kwa kawaida kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Mashairi utayasoma, ndiyo. Hayatakuua.

Na wewe wa Malindi ndiye wa kuambiwa nyota ni za wengine? Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza anga kwa eksirei. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu, waliipa jina Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo alipata Nobel 2002. Wazee wa Ngomeni waliokuwepo bado wanasimulia, nenda ukawasikilize kabla hujaandika insha yako ya kuombea nafasi.

Kazi: sayansi humpa mgeni ruhusa ya kufanya kazi Marekani mwaka mmoja baada ya kuhitimu na kuongezewa miezi 24, ilhali fani nyingi za sanaa huishia ule mwaka mmoja. Ukitaka uhandisi, uliza mapema. Swarthmore na Smith wanao (Smith ni cha wasichana, usijisumbue), vyuo vingine hukutaka usome kwao miaka mitatu kisha uhamie chuo kikubwa miaka miwili, na ufadhili wako mara nyingi hauhami nawe. Hapo wengi hukwama. Ghana pia kuna chuo cha aina hii, Ashesi, kilichoanza 2002 na wanafunzi 30. Mwanzilishi wake, Patrick Awuah, alisoma uhandisi na uchumi hukohuko Swarthmore kwa ufadhili. Omba na huko.

Kiitaliano kitakufaa sana. Vingi vya vyuo hivi hudai lugha ya kigeni, na mtihani wa kupangiwa darasa unaweza kukurusha mwaka mzima. Ila jifunze kukiandika. Cha ufukweni ni cha kuuzia vinyago.

Bi mmoja wa Malindi anaandika kwamba alihitimu chuo kama hivyo zamani, akarudi, sasa anasimamia duka la familia la vifaa vya ujenzi na jioni anafundisha hesabu watoto wa mtaa wake. Kila mara chuo kinamwomba habari za ukurasa wa wahitimu, naye hufuta, kwa sababu wenzake wa darasa ni madaktari na watu wa benki kubwa.

Dada yangu, usifute tena. Andika mistari miwili: niko Malindi, nauza saruji na mabati, nafundisha hesabu. Sababu yangu haina uhusiano na kukupa moyo. Yule baba wa Mkomani hapo juu anatafuta kwenye barua za chuo mtu anayefanana na bintiye, na kama kila anayefanana naye hufuta, hatampata. Ofisi za udahili nazo hutumia wahitimu kuwahoji waombaji wa sehemu za mbali, na mtu wa Pwani hawana kwenye orodha yao mpaka ajitokeze. Mwisho wa mistari yako ongeza kwamba uko tayari kuzungumza na wazazi. Halafu jiandae kwa simu nyingi, hasa jioni.

Mama wa Kisumu Ndogo, Malindi, anauliza kama alipe 60,000 kwa wakala aliyemhakikishia mwanawe nafasi katika chuo ambacho jina atatajiwa baadaye.

Usilipe. Hakuna wakala anayeweza kuhakikisha nafasi, na chuo kisichotajwa jina huenda hakipo. Ushauri wa EducationUSA katika ubalozi wa Marekani Nairobi ni bure, na vyuo vingi humsamehe asiyejiweza ada ya kuomba akiwaandikia. Malipo halali yapo lakini huja mwishoni: dola 350 za SEVIS, yaani ada ya kusajiliwa mwanafunzi wa kigeni, baada ya chuo kumtumia mwanao fomu ya I-20, hati ya kuombea viza, yenye jina lake, na hulipwa serikali ya Marekani kwa utaratibu ulio kwenye tovuti yake, si kwa M-Pesa ya mtu.